Mwafrika wa kwanza aliingia lini Maktaba ya McMillan, Nairobi?

#1 MwanaKaloleni

Wakuu habari. Naomba msaada wa wenye kumbukumbu, hasa wazee wa Nairobi.

Marehemu babu alikuwa mtu wa reli, akapata nyumba Kaloleni miaka ya 1950. Alipenda kusoma kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Jumamosi alikuwa akishuka mjini, ananunua gazeti, anatafuta kivuli karibu na Msikiti wa Jamia analisoma hadi tangazo la mwisho. Hatua chache kutoka hapo ndipo ilipo Maktaba ya McMillan, ile ya nguzo ndefu na simba wawili mlangoni. Maisha yake yote hakupanda zile ngazi. Hata nilipopata kadi yangu nikiwa shule ya msingi alinisindikiza hadi kwa simba, akanisubiri nje saa nzima. Nilipomuuliza alisema, "Ile nyumba mimi nimezoea kuiona kwa nje." Basi.

Sasa nimebishana na binamu. Yeye anasema babu alikuwa mkaidi tu, jengo lilikuwa wazi kwa watu wote tangu lijengwe. Mimi nasema hapana. Nani anajua kwa hakika, Mwafrika aliruhusiwa mwaka gani?

#2 Kitasa

1931. Ndio mwaka jengo lilipofunguliwa. Ni maktaba ya umma, na umma ni sisi sote. Nadhani binamu yako yuko sahihi.

#3 ShajaraKuukuu

Kitasa, mwaka wa kufunguliwa umepatia, umma ndio ulikuwa mwingine. Mwaka 1931 Nairobi ilikuwa imegawanywa kwa rangi: mtaa, shule, hospitali, hata choo. Maktaba ile ilikuwa ya Wazungu.

Tuanze na mwenye jina. William Northrup McMillan alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1872, katika familia tajiri. Alifika huku mwanzoni mwa miaka ya 1900, akachukua ardhi kubwa ajabu upande wa Juja. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909 alikuwa mgeni wake. Baadaye akapewa cheo cha Sir na Waingereza, na akafa mwaka 1925. Mjane wake, Lady Lucie, ndiye aliyejenga maktaba kumkumbuka mumewe, na Shirika la Carnegie la New York nalo likachangia. Mambo ya rangi yaliendelea hadi 1958. Kwa hiyo jibu langu ni 1958, na babu yako hakuwa mkaidi.

#4 FundiWaZiwani

1958 naisikia sana lakini mimi nasimama na 1962. Huo ndio mwaka Baraza la Jiji lilipokabidhiwa maktaba. Kabla ya hapo ilikuwa mikononi mwa wadhamini. Mdhamini anaweza kuandika kwenye karatasi kwamba watu wote karibu, lakini karani wa mlangoni ni yule yule wa jana, na meza ni zile zile. Baraza liliposhika ndipo kijana wa Ziwani au Shauri Moyo aliweza kusema hii ni ya jiji langu.

#5 MamaPwani

Salaam aleikum. Nyie watu wa bara mnazungumza kana kwamba vitabu vilianza Nairobi. Mombasa tulikuwa na Maktaba ya Seif bin Salim tangu 1903, na chumba cha kusomea bure, neno "bure" limo kwenye jina lenyewe. McMillan ni mdogo wake kwa miaka 28. Nimesema tu ili mheshimu wakubwa.

#6 Kitasa

Shikamoo Mama Pwani, tumekusikia. Shajara, nimekubali nilikosea kuhusu umma. Ila bado nina swali: kama ilikuwa ya Wazungu peke yao, ilikuwaje ikapewa ulinzi wa sheria ya Bunge? Nimesikia ndilo jengo pekee Kenya lenye sheria yake.

#7 MkutubiMstaafu

Nimefanya kazi ya maktaba zaidi ya miaka thelathini, mikoani, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo.

Sheria ipo, ni Sura ya 217, ya mwaka 1938. Inaihusu maktaba hii peke yake. Sisi wa kazi hii tuliiheshimu sana, maana maktaba nyingi hufa kimyakimya. Leo rafu moja inahamishwa, kesho chumba kinakuwa ofisi ya mtu, keshokutwa unakuta jengo lina kazi nyingine kabisa na vitabu viko kwenye magunia. Nimeyaona, siwezi kutaja ni wapi. McMillan ilikuwa na ukuta wa sheria mgongoni. Ndiyo maana mkusanyiko wake wa magazeti ya zamani ya Afrika Mashariki bado unazungumzwa, na baadhi yake ni ya tangu mwaka 1899, reli ilipofika Nairobi.

Kuhusu mwaka, sikubaliani na yeyote kati yenu moja kwa moja. Watu wanachanganya ruhusa na mazoea.

#8 ShajaraKuukuu

Kitasa, marekebisho madogo. Mwaka 1938 hapakuwa na Bunge, palikuwa na Baraza la Kutunga Sheria, na ndani yake hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Eliud Mathu aliingia mwaka 1944, wa kwanza. Kwa hiyo hiyo Sura ya 217 ilitungwa bila mkono mmoja mweusi kuinuliwa, wa kukubali wala wa kukataa. Kuwa na sheria hakuthibitishi kwamba jengo lilikuwa letu. Unaweza hata kusema kunathibitisha kinyume.

#9 TangaRaha

Watani zetu Wakenya, poleni na hesabu za miaka. Kwetu mambo ni mepesi: Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Hakuna aliyeuliza rangi.

#10 FundiWaZiwani

TangaRaha, hapo Tanga mnasomea katika jengo lililojengwa kumkumbuka nani? Si Mfalme George wa Sita?

#11 TangaRaha

Umenikamata mkuu. Ndilo, na ni zuri mno, matao yake utadhani uko Lamu. Nimesomea mitihani yangu yote mle. Naendelea kufuatilia uzi nikiwa nimekaa kimya.

#12 DadaMakadara

Mmeuliza Mwafrika wa kwanza ALIINGIA lini, nanyi mnajibu ALIRUHUSIWA lini. Hivyo ni vitu viwili.

Waafrika waliingia McMillan kabla haijafunguliwa. Nani alibeba yale mawe? Nani alisimamisha zile nguzo? Nani alifagia sakafu asubuhi kabla ya wenyewe kufika, akapangusa vumbi kitabu baada ya kitabu? Nyanya yangu alikuwa mfuaji kwa Wazungu, na alisema nyumba aliijua kuliko mwenye nyumba, hadi mahali panya alipopita. Naamini palikuwa na mtu pale ndani mwaka 1931, mwenye kitambaa mkononi, aliyekuwa akitazama migongo ya vitabu kila siku na kuyajua majina yake kwa umbo tu. Huyo ndiye wa kwanza. Jina lake halikuandikwa popote.

#13 MwanaKaloleni

DadaMakadara, nimesoma jibu lako mara tatu. Asante.

#14 ReliYaZamani

Mwenye uzi, kitu kimoja kinanisumbua. Unasema babu alikuwa mtu wa reli na nyumba yake ilikuwa Kaloleni. Reli walikuwa na kota zao, Muthurwa na Makongeni. Kaloleni ilikuwa ya manispaa. Marehemu baba alikuwa fundi wa reli na sisi tumezaliwa Makongeni kwa sababu hiyo hiyo. Una hakika?

#15 MwanaKaloleni

ReliYaZamani, nimempigia mama sasa hivi. Uko sawa. Babu alianza reli, akakaa Muthurwa, kisha akaacha akawa karani wa manispaa, ndipo akahamia Kaloleni. Sisi wajukuu tulimwita mtu wa reli kwa sababu ya saa yake ya mfukoni. Miaka yote hii sikujua.

#16 KipepeoMweusi

Karani wa manispaa aliyekuwa hapandi ngazi za maktaba! Hapo sasa FundiWaZiwani ana kazi, maana kuanzia 1962 baraza lilikuwa mwajiri wake na mwenye maktaba pia. Kama ingekuwa ni suala la kukabidhiwa tu, babu angeingia.

#17 FundiWaZiwani

Au ndiyo sababu hakuingia. Mtu akitoka ofisini Ijumaa, Jumamosi anataka kukaa mbali na bosi wake.

#18 Kitasa

Na hao simba je? Mimi nikiwa mdogo ndio walionizuia kuingia, si sheria. Nilidhani wanaamka usiku. Kwa nini simba?

#19 ShajaraKuukuu

McMillan alikuwa mwindaji, na wageni wake walikuwa wawindaji. Simba pale naona ni wa kawaida kwa watu wa namna hiyo.

#20 NguzoNaMatao

Mimi ni mchoraji wa majengo. Sidhani kama ni uwindaji. Jengo limefuata mtindo wa Kiyunani wa kale ambao Wazungu waliupenda kwa benki, mahakama na maktaba. Mtindo huo hupenda simba mlangoni. Maktaba kuu ya New York ina wawili tangu 1911, na wenyeji wamewapa majina, Subira na Ujasiri. Na kumbukeni fedha za Carnegie zilitoka mji huo huo. Sisemi waliiga, nasema macho yaliyochora majengo haya yalisomea shule moja.

#21 MamaPwani

Simba ni nembo ya Mwingereza, wanangu. Aliiweka kwenye bendera, kwenye sarafu, na mlangoni pa nyumba ya vitabu pia. Msitafute mbali.

#22 MtotoWaJuja

Kwa kuwa mmetaja Juja: huku tumehadithiwa kwamba McMillan alikuja na sanamu mbili za uchawi kutoka Afrika Magharibi, moja ikiitwa Ju, nyingine Ja. Akazifukia, na shamba likachukua jina. Kuna anayejua zaidi?

#23 ReliYaZamani

Hiyo nimeisikia tangu utotoni na kila mtu anaitia chumvi yake. Wengine wanasema zilifukiwa kwa hofu, wengine zilitupwa mtoni. Mimi naichukua kama hadithi ya moto wa jioni.

#24 MtotoWaJuja

Chukua upendavyo, mzee, ila usije ukachimba shimo Juja usiku ukiwa peke yako.

#25 Kilimambogo1

Kaburi lake liko kwetu, Ol Donyo Sabuk, ndani ya hifadhi. Alitaka azikwe kileleni. Alikuwa mtu mzito kupindukia na mlima ni mkali, juu mita 2,145. Wazee wanasema mashine iliyovuta jeneza ilishindwa njiani, wakamzika hapo hapo walipofika. Lady Lucie alikufa 1957, naye yuko pale, pamoja na Louise Decker aliyekuwa mtumishi wao, na mbwa.

Angalieni huo mwaka. Bibi amekufa 1957, milango inafunguliwa 1958. Mimi sihitaji maelezo mengine.

#26 ShajaraKuukuu

Kilimambogo1, hilo sikuwa nimelipanga hivyo. Linavutia. Lakini mambo mawili kufuatana hakumaanishi moja limezaa lingine. Miaka hiyo hiyo Waafrika walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, Machi 1957, na Tom Mboya akaingia barazani kwa kiti cha Nairobi. Jiji lilikuwa limeanza kubadilika chini ya miguu ya wenye nalo. Ungeniuliza nichague, ningechagua kura, si kifo cha mama wa watu.

#27 MkutubiMstaafu

Na mimi ningeongeza kwamba kuajiri kulibadilika, mafunzo ya wakutubi yakaanza kufikiriwa. Mwaka 1960 ilitoka ripoti ya mtaalamu wa maktaba aitwaye Hockey iliyoshauri kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na huduma yake ya taifa. Hapo ndipo ile Bodi ya 1963 ya TangaRaha ilipotoka, na sheria ya Kenya ya 1965. Mlango haufunguliwi na mtu mmoja. Lakini ninyi mnapenda hadithi ya kifo kwa sababu inasimulika.

#28 KipepeoMweusi

Swali lingine kabisa. Kabla ya hapo, hao akina babu wenye njaa ya kusoma walisoma wapi? Maana magazeti na barua vilisomwa, nyimbo ziliandikwa.

#29 MkutubiMstaafu

Afadhali umeuliza. Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi. Ilichapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine, na ilikuwa na mpango wa maktaba: masanduku ya vitabu yanapelekwa kwenye kituo, halafu yanabadilishwa, na kuazima kwa posta. Unatuma ombi lako, unaletewa kitabu, unakirudisha. Marehemu mwalimu wangu alikuwa akisema sanduku likifika kijijini watu walilizunguka kama ngoma. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma kwa kitabu chenye muhuri wao ambacho hakikurudishwa. Najua nilipaswa kukirudisha. Ninacho hadi leo.

#30 Msafiri wa Bukoba

Wahindi nao walifungiwa ile nyumba ya simba, tusisahau. Walijijengea yao, Desai Memorial, maktaba na ukumbi, kwa jina la M. A. Desai, aliyepigania haki za Wahindi na kuwa karibu na Harry Thuku, mpigania haki za Waafrika. Desai alifia kwetu Bukoba mwaka 1926. Hivyo mnaona, kila jamii ilikuwa na chumba chake, na jiji zima likawa halina kimoja cha pamoja.

#31 DadaMakadara

Kaloleni walikuwa na ukumbi. Mwenye uzi, wewe ni mtoto wa pale, mbona huutaji?

#32 MwanaKaloleni

Kweli nimejisahau. Mtaa wetu ulijengwa miaka ya 1940, vita vikiendelea, na mafundi wengine walikuwa mateka wa Kiitalia. Nyumba za mawe, uwanja wa majani katikati, miti. Na ukumbi wa jamii. Tarehe 23 Aprili 1950 ndani ya ukumbi ule, kwenye mkutano wa KAU, chama cha siasa cha Waafrika, na Congress ya Wahindi, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama akataka Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili, na sasa hivi. Nairobi ilikuwa imetangazwa jiji wiki chache tu kabla. Mei hiyo hiyo akakamatwa, na hakuwa huru tena hadi 1961.

Mama anasema babu hakuwa akikosa mikutano ya pale. Labda hapo ndipo alipokuwa akisomea.

#33 KipepeoMweusi

Basi umejijibu. Alikuwa na nyumba yake ya maneno. Hakuihitaji ile ya ngazi.

#34 FundiWaZiwani

Sikubali. Kutokuihitaji na kukatazwa si kitu kimoja. Mtu aliyesoma gazeti hadi tangazo la mwisho alihitaji maktaba. Tusimpambe marehemu.

#35 MgiriamaHalisi

Napita tu. Kaloleni ya kwanza ni yetu, Kilifi. Kwetu kulola ni kutazama. Kaloleni: nendeni mkatazame. Ninyi wa Nairobi mlichukua jina.

#36 TangaRaha

Nimevunja kimya. Arusha kuna Kaloleni, Moshi kuna Kaloleni. Zote mmezichukua Kilifi?

#37 MgiriamaHalisi

Zote. Na bado tunasubiri asante.

#38 DadaMakadara

Turudi kwenye vitabu jamani. Hakuna aliyetaja kwamba McMillan ana watoto wawili Eastlands: tawi la Kaloleni na tawi letu la Makadara. Hayo ndiyo yaliyonilea. McMillan kulikuwa nauli na kuvuka mji. Makadara nilikuwa natembea na ndala. Sisi tulikuwa saba chumba kimoja, taa moja. Mtihani wa darasa la nane niliusomea kwenye meza ya maktaba, kiti cha tatu kutoka dirishani, na yeyote aliyekikalia alijua atakikimbia nikifika.

Mwaka 2017 akina dada wawili, Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, walianzisha shirika la Book Bunk kwa nia ya kuyakarabati majengo haya matatu. Walianza na haya ya mitaani. Niliporudi Makadara baada ya ukarabati na kukuta rangi, mwanga na vitabu vya Waafrika mbele kabisa, nilikaa kwenye gari kwanza kabla ya kuweza kuingia tena mara ya pili.

#39 NguzoNaMatao

Walichofanya cha maana kitaalamu ni kuanza mitaani. Wangeanza na nguzo za mjini wangepata sifa haraka zaidi. Na walikaa na wenyeji wakawauliza wanataka nini kabla ya kugusa ukuta. Hicho ndicho sisi wachoraji tunashindwa.

#40 Kitasa

Mimi nilifukuzwa maktaba moja, siitaji, mwaka nilipomaliza fomu four. Mlinzi aliniambia viatu vyangu vitachafua sakafu. Hapakuwa na Mzungu hata mmoja mle ndani. Nimekaa na jambo hilo miaka ishirini. Nilipoandika kwa ujasiri pale juu kwamba umma ni sisi sote, nadhani nilikuwa namjibu huyo mlinzi.

#41 ReliYaZamani

Pole sana kijana wangu.

#42 MkutubiMstaafu

Kitasa, pokea samahani ya mkutubi mmoja kwa niaba ya mlango huo.

#43 BintiShauriMoyo

Nimechelewa, nimesoma yote. Shangazi yangu yuko hapa kando, ana miaka 81, na nimemsomea swali la kwanza. Anasema yeye aliingia McMillan mwaka 1961, akiwa na sare ya shule, pamoja na msichana mwingine. Hawakuwa wameambiwa na mtu yeyote kwamba inaruhusiwa. Walikuwa wanakimbia mvua. Walisimama kati ya simba, kisha mwenzake akasema mvua inazidi, wakasukuma mlango. Hakuna aliyewauliza kitu. Wakapewa viti.

#44 ShajaraKuukuu

1961 ni baada ya 1958. Naiweka upande wangu.

#45 FundiWaZiwani

Hawakujua kama inaruhusiwa, miaka mitatu baada ya hiyo 1958 yako. Naiweka upande wangu mimi.

#46 MwanaKaloleni

BintiShauriMoyo, tafadhali muulize shangazi walisoma kitabu gani.

#47 BintiShauriMoyo

Anasema hakusoma. Alikuwa anatazama dari.